Kizibao cha Njano

Ofisi nyingi za Nairobi zina njia rahisi ya kumpata msimamizi wa usalama wa moto: anateuliwa yule aliyekosa kikao. Hukabidhiwa kizibao cha njano, na kazi yake kubwa huwa kukitafuta siku ya ukaguzi.

Kanuni za Kenya za mwaka 2007 za kupunguza hatari za moto zinataka zoezi la moto lifanywe angalau mara moja kwa mwaka. Nalo hufana kweli kweli: tangazo hutolewa jana yake, wakubwa hupata safari za ghafla, na waliobaki hushuka kwa lifti, vikombe vya chai mkononi.

Mtungi wa kuzimia moto nao haukai bure. Huegemezwa mlangoni, mlango usijifunge. Mlango wa dharura ndio uliotiwa kufuli, wezi wasipite.

Hofu hiyo ya wizi ndiyo iliyofunga mlango katika kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, tarehe 25 Machi 1911. Moto ulipozuka, walikufa watu 146.

Ufunguo wa hapa Nairobi, msiwe na shaka, anao mlinzi. Yuko likizo hadi Jumatatu.