Njaa Haishikiki

Mama anayeniuzia omena pale sokoni Kibuye sasa anajua kwamba Kiingereza changu kina walakini. Nilikuwa na noti mkono mmoja na mfuko mkono wa pili, simu nimeibana katikati, kidole gumba kikagusa pasipofaa. Ujumbe wa sauti wa mwalimu wa binti yangu ukatangaza sokoni: «Wazazi, tafadhali, tusiwafanyie watoto kazi ya nyumbani. Kuna mzazi ameandika kwamba njaa ni concrete noun.» Hakunitaja jina. Kwa nini anitaje, na picha ya daftari, mwandiko wangu juu yake, ilishatangulia kwenye kundi la wazazi?

Mama aliacha kupima, gorogoro likiwa nusu.

«Jaduong', anasema njaa haiko?»

«Iko, mama. Ila haishikiki.»

Akanielekeza kwa kidevu upande wa pili, watu wamejipanga kununua mgongo wazi. Hiyo ni mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya viwanda kukata minofu. Minofu hupanda ndege kwenda Ulaya, kichwa na uti wa mgongo hurudi kwetu kukaangwa. «Na wale,» akauliza, «wameshikwa na nini?»

Ningependa mwalimu ajibu hilo.

Maana mimi na binti yangu tulifuata kanuni aliyoitoa yeye mwenyewe. Nomino ya concrete hutaja kitu unachoweza kukiona, kukisikia, kukinusa, kukionja au kukigusa. Isiyopita mlango wowote kati ya hiyo mitano ni abstract. Samaki: wa kwanza. Upendo: wa pili. Hadi hapo tulikuwa wanafunzi bora. Kisha tukafika kwenye ngurumo. Hakuna aliyewahi kuigusa, lakini Kisumu jioni ya masika inatikisa mabati, basi concrete. Harufu ya gugu maji linapooza kando ya ziwa? Pua haina shaka. Njaa tukaijadili hadi chai ikapoa. Inasikika, tumbo linanguruma. Inaonekana mashavuni. Binti akasema hata kuguswa inaguswa, ila kutokea ndani. Nikaiandika kwa kalamu, si kwa penseli.

Na kinachoniuma ni kwamba kanuni yenyewe ndiyo mbovu. Nimekesha nikiifukua. Wanamantiki wa Ulaya wa enzi za kati, Ockham akiwemo, hawakujishughulisha na pua wala ngozi. Waliuliza jambo moja: neno hili linataja kitu, au linataja sifa iliyobanduliwa kutoka kwenye kitu? «Mweupe» ni concrete, kwa sababu ndani yake yumo mwenye weupe. «Weupe» ni abstract, maana mwenyewe ameachwa nje. Mwaka 1843 John Stuart Mill, katika kitabu chake A System of Logic, alishikilia mgawanyo huohuo na kuwalaumu waliomfuata mwanafalsafa Locke kwa kulibebesha neno abstract maana nyingine. Sasa chukua weupe wa ugali. Unauona kwa macho yako mawili, kwa hiyo darasani ni concrete. Kwa Mill ni abstract bila mjadala. Mtoto wa Gredi ya 4 anapewa mizani iliyopinda, halafu anakatwa alama kwa kupima vibaya! Huenda njaa yangu ingeanguka kwa Mill pia, kwa kuwa ni hali ya mwenye tumbo, lakini ningeanguka kwa sababu inayoeleweka.

Kiswahili nacho hakikutuokoa. Nilimwambia binti atafute U mwanzoni kama alama ya abstract: utu, uvivu, uzuri. Akauliza kuhusu ukuta.

Huyu mtoto anazungumza Dholuo na nyanya yake, Kiswahili na majirani, na Kiingereza na mtu anayempa alama. Sisi tulipitia huko. Enzi zetu ukinaswa na Dholuo kwenye uwanja wa shule ulivishwa kibao shingoni, ukazunguka nacho ukimwinda mwenzako aropokwe ili umpokeze. Tulijifunza kupeleleza marafiki kabla ya kujifunza kugawa. Binti aliniuliza aibu inaingia safu gani. Nikamwambia ya kwetu ilikuwa na kamba.

Jingine la wiki hii ni dogo. Karo, ambayo ni pesa na pesa eti inashikika, imetoka simu yangu ikaingia simu nyingine sijaigusa hata kidogo.

Nimemwandikia mwalimu barua, kwa Kiingereza, yenye Ockham na Mill ndani yake. Binti ameomba aipitie kwanza. Ameshakata herufi ya mwisho ya «informations».