Kurasa 30 za Kujigeuza Kitandani

Mwanafunzi wa fasihi ya Kifaransa ya karne ya 20 hujulikana kwa mikasa yake: amesinzia juu ya Proust, ametia nukta na mkato katika mashairi ya Apollinaire kwa wema wake tu, na amemrudishia mkutubi kitabu cha Queneau akilalamika kwamba kuna mtu amekikata kwa mkasi. Mhadhiri humwita mzembe. Wazazi huhesabu ada iliyozama. Mimi namtetea. Mikasa hiyo haitokani na ujinga wake, imetegwa na waandishi wenyewe. Anayeteleza walipopaka sabuni amesoma vizuri kuliko mwenzake aliyepita pembeni, muhtasari wa watu mkononi.

Ushahidi upo. Mswada wa Proust ulipozungushwa kwa wachapishaji, mmoja wao aliukataa akisema haoni kwa nini mtu atumie kurasa 30 kueleza anavyojigeuza kitandani kabla ya kupata usingizi. Kitabu kilitoka 1913 kwa gharama ya Proust mwenyewe. Basi anayesinzia hapo hajamkosea mwandishi adabu. Amemsindikiza mhusika hadi alikokuwa akienda. Mwaka huohuo Apollinaire alichapisha *Alcools*, baada ya kufuta alama zote za uakifishaji kwenye prufu, ili msomaji ajitafutie mwenyewe pa kuvutia pumzi. Naye Queneau, mwaka 1961, alitunga soneti 10 na kuukata kila mshororo uwe ukanda unaofunuliwa peke yake, hata ukichanganya mishororo unapata mashairi trilioni 100. Kwa hesabu yake mwenyewe, anayesoma usiku na mchana angehitaji zaidi ya miaka milioni 190. Mwanafunzi aliyeagizwa akimalize kitabu hicho kufikia Jumatatu ana haki ya kuomba muda wa nyongeza.

Wapo watakaosema huu ni ulaghai wa wasomi: kitabu kisichoeleweka husifiwa kwa sababu kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kukiri. Woga huo upo, na semina nyingi huendeshwa nao. Lakini tazama *La Jalousie* ya Robbe-Grillet, ya 1957. Tandu anauawa ukutani, kisha anauawa tena, na tena. Kati ya mauaji hayo msimulizi anahesabu migomba shambani, mstari kwa mstari. Msomaji hukagua kama kurasa zimefungwa vibaya. Hazikufungwa vibaya. Msimulizi ni mume mwenye wivu asiyejitaja hata mara moja, na mwenye wivu ndivyo alivyo: anarudia tukio lilelile kichwani, na akichoka anahesabu chochote kilicho mbele yake. Ule uchovu wa msomaji ndio habari yenyewe. Mlaghai hapangi mambo kwa uangalifu huo.

Je, kila asiyeelewa apewe alama za juu? Hapana. Kuteleza hakutoshi, mtihani umuulize ameteleza wapi, na sabuni iliwekwa pale kwa sababu gani. Swali hilo halijibiki kwa muhtasari wa kununua.

Linabaki pingamizi la wazazi, ambalo ndilo zito: haya yote yatampatia kazi gani? Nawajibu kwa *La Disparition* ya Perec, ya mwaka 1969, riwaya ya kurasa 300 hivi isiyo na herufi e hata moja, ilhali ndiyo itumikayo kuliko zote katika Kifaransa. Perec alifiwa na baba vitani mwaka 1940, na mama alipelekwa Auschwitz mwaka 1943 asirudi. Alijua vizuri kwamba maisha huweza kuendelea kama kawaida huku kitu kikubwa kimeondolewa. Anayesoma riwaya hiyo hujizoeza kuona kisichokuwepo. Na aliyeweza kubaini pengo la herufi moja katika kurasa 300 hatashindwa kuona, katika mkataba wa kazi wa kurasa mbili, kwamba hakuna palipoandikwa tarehe ya kulipwa mshahara.