Kona ya Utulivu

Siku hizi hata Kasulu mjini kuna mtu anatenga kona ya kutafakari. Kaelekezwa na simu: ondoa vyombo, tandika mkeka, washa mshumaa, vuta pumzi. Sawa. Tatizo ni kwamba kona zote zina wenyewe. Moja ina gunia la maharage linalosubiri bei ipande, nyingine dumu la mawese, ya tatu kuku anayeatamia. Na kuku huyo, tusimnyime haki yake, ndiye mtafakari pekee mwenye nidhamu humo ndani: siku 21 hasemi na mtu.

Mshumaa nao una kisa chake. Warina asali wa Kibondo hutundika mizinga porini, wakavumilia miiba ya nyuki, na nta wakamwachia mchuuzi kwa bei ya kutupa. Mheshimiwa wetu kaagiza mshumaa wa nta "asilia" kutoka Dar, unanukia lavenda, kwa bei ambayo mrina akiitaja ataambiwa kalewa.

Basi kaketi, kafumba macho. Hodi! Shangazi huyo, katokea Makere. Kaona mshumaa unawaka mchana kweupe, kajifunga kanga kiunoni: "Mwanangu, msiba wa nani?"