Farasi 250 Kwenye Njia ya Wapagazi

Kutoka ardhini hadi tumbo la gari langu ni sentimita 12. Waliojenga matuta ya Tabora hawakupewa taarifa hiyo. Kwa hiyo nikifika kwenye tuta mke wangu hushuka, watoto hushuka, mgeni kama yupo hushuka naye, kisha nalivusha gari mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, huku bodaboda wa nyuma akinipigia honi na bibi mwenye beseni la karanga kichwani akinifikia, akinisalimu, akiniacha.

Ni gari la spoti, msidhani ni mchezo. Milango miwili, rangi ya bluu, viti vyeusi, injini ya turbo, na bawa kubwa nyuma ambalo kuku wa jirani wamelipenda tangu siku ya kwanza. Kipima mwendo chake kinaishia kilomita 180 kwa saa, kama ilivyo kwa magari mengi yaliyoundwa kwa soko la Japani. Sheria yetu inataka 50 penye makazi ya watu. Nami naishi penye makazi ya watu.

Pesa zilitoka kwenye asali. Nanunua asali na nta kwa warinaji wa Sikonge na Urambo, nauza kokote inakotakiwa, na mwaka ule msimu ulikuwa mzuri. Dalali alikuwa mtani wangu mmoja wa Dar es Salaam, Mzaramo halisi. Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi babu zetu walipokuwa wakishusha pembe za ndovu pwani, na utani wenyewe haukomi hata pesa zinapohesabiwa. “Mnyamwezi,” aliniambia, “babu yako alikuja huku kwa miguu na akarudi kwa miguu. Wewe walau rudi umekaa.” Maneno hayo yalimfanya auze gari lile kwa dakika tano.

Bei ya gari ni jambo moja, kuliingiza nchini ni jingine. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, kuna VAT asilimia 18, na kwa kuwa gari lilikuwa limevuka miaka 10, kuna nyongeza ya uchakavu ya asilimia 30. Nikalipa. Serikali ilinitoza kwa sababu gari ni zee. Mafundi mpaka leo wananitoza kwa sababu gari ni la kisasa mno.

Nililileta kwa njia ya Manyoni na Itigi. Wenyeji mnakumbuka barabara ile ilivyokuwa kabla kipande cha Chaya hadi Nyahua, kilomita 85, hakijawekwa lami. Mwaka 2022 kikafunguliwa rasmi, na mimi nasema bila aibu kwamba lami ile ilijengwa kwa ajili ya gari langu. Msitu wa miombo kulia na kushoto, barabara imenyooka, hakuna tuta, hakuna ng'ombe. Lilikimbia. Turbo ilipiga mluzi, kiti kikanisukuma mgongo, nikaelewa kwa nini watu wazima wenye watoto wanaosoma hufanya mambo haya.

Ndipo kioo cha upande wangu kiliposhuka chenyewe, kikakataa kupanda.

Msiojua misitu yetu niwaeleze kuhusu ndorobo, ambao kwingine huitwa mbung'o. Ndorobo hufuata kitu kinachotembea, na rangi inayowavuta kuliko zote ni bluu. Ndiyo maana wataalamu hushona mitego yao kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Mimi nilikuwa nimeketi ndani ya mtego wa bluu na mweusi wenye turbo, dirisha wazi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukinipiga makofi. Nikipunguza mwendo waliobaki nyuma wananifikia. Nikiongeza, wapya wa mbele wanakaribishwa na upepo. Nilifika Tabora nimevimba sikio, na watu waliokuja kulipokea gari waliniuliza kwanza nimegombana na nani.

Tangu siku hiyo nimeanza kuisoma historia ya njia hii kwa macho mengine. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kuja Tabora na kuendelea Ujiji imewahi kudharauliwa na vyombo vingi vya kifahari kutoka pwani. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuja na farasi wawili wa kupanda, wote wakafa siku za mwanzo mwanzo za safari. Alikuwa pia na mkokoteni wa kuvutwa na punda, alioubuni mwenyewe kwa ajili ya vijia vyembamba. Vijia vikaushinda. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aligharamia tembo wanne waliofundishwa kazi, wakaletwa kwa meli kutoka India na kushushwa Msasani, ili waoneshe kwamba mizigo ya bara haihitaji wapagazi. Fikirini: kuleta tembo Afrika! Katika wale wanne ni mmoja tu aliyefika Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Mizigo mingi iliendelea kubebwa na Wanyamwezi vichwani na mabegani, wakiimba.

Lakini ndugu yangu wa kweli katika orodha hiyo ni Mjerumani mmoja, Luteni Paul Graetz. Tarehe 10 Agosti 1907 aliwasha gari Dar es Salaam, gari lililoundwa maalumu kwa safari hiyo katika kiwanda cha Gaggenau, akatangaza kwamba anavuka Afrika hadi Swakopmund, pwani ya Atlantiki. Alifika tarehe 1 Mei 1909. Karibu miezi 21! Sehemu kubwa ya muda huo hakuwa anaendesha, alikuwa anasukumwa, anavutwa, au amekaa akingoja spea kutoka Ujerumani. Ukiondoa Ujerumani ukaweka Kariakoo, hayo ni maisha yangu.

Maana spea ndiyo shida yenyewe. Tabora ina mafundi hodari. Mpe Fuso iliyokatika, mpe Noah, mpe IST, jioni unaondoka nayo. Spea za IST zinauzwa jirani na vocha za simu. Gari langu likifunguliwa boneti mafundi hukusanyika kama msibani, mikono nyuma, wakitikisa vichwa. Wa kwanza alitoa themostati, akaitupa kwenye kopo la skrepa. “Bosi, nchi ya joto hii, hiki kidude cha nini?” Gari likaanza kunywa mafuta kwa sababu injini haikuwa ikipata joto lake sawasawa, na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Wa pili akaitibu taa kwa kuibandika plasta nyeusi. Kwa haki, haijawaka tena.

Kuhusu kioo, nilimpigia mtani wangu anitafutie swichi huko Dar. Aliituma kwa basi, imefungwa vizuri kwenye boksi la maziwa. Ilikuwa ya mlango wa kushoto. Nikampigia tena, akanitumia nyingine, nayo ya kushoto. Nilipolalamika akaniambia, “Basi liendeshe kinyumenyume, Mnyamwezi, itakuwa kulia.”

Buti nalo lina mambo yake. Dumu la lita 20 likijaa asali lina uzito wa kilo 28 hivi. Buti la gari langu linaingiza madumu mawili, la tatu halifungiki. Sasa mpagazi wa zamani alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kidogo. Pigeni hesabu: gari lenye nguvu za farasi 250 halijafikia wapagazi wawili, na wapagazi hawakuwa wakidai oili ya bei mbaya.

Na lina kelele. Ekzosi yake ikiwa taratibu hunguruma, ikiwa haraka hunguruma zaidi. Askari wa barabarani alinisimamisha siku moja mjini, akaniambia nimepita kwa kasi. Nikamwomba kwa heshima anioneshe tochi inasemaje. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. “Tochi inasema 38,” alisema, “lakini hiyo sauti siyo ya 38.” Tukacheka wote wawili, akaniachia. Pabaya zaidi ni msibani. Injini ya turbo ikitoka safari haizimwi ghafla, inatakiwa iachwe ingurume dakika moja au mbili ipoe. Wewe jaribu kuingia kwenye msiba wa mzee wa mtaa, watu kimya kwenye mikeka, shehe ameshainua mikono, halafu ueleze kwamba unaipoza turbo. Siku hizi misiba naiendea kwa baiskeli.

Lakini hakuna siku gari hili liliponipa jasho kama siku ya mama mkwe. Alikuwa anashuka treni ya kutoka Kigoma, mke wangu akasema twende tukampokee. Stesheni ya Tabora ina heshima yake, reli ilifika hapa mwaka 1912 na tangu hapo kushuka treni ni tukio la kuvalia. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya, amejifunga na kingine. Kwetu ukwe una mipaka: mkwe humkaribii ovyo, humgusi, humtazami usoni kwa muda mrefu. Gari la milango miwili halina mipaka ya namna hiyo. Kiti cha nyuma kinaingiwa kwa kukunja kiti cha mbele na kutambaa, na mama si mtu wa kutambaa. Basi mke wangu akatambaa nyuma na mizigo, mama akaja mbele, akageuka, akajishusha, akajishusha, akaendelea kujishusha, hadi uso wake ukapotea chini ya dirisha. Bega lake na langu yaliachana kwa upana wa gia. Niliendesha nikitazama nje upande wangu, yeye akitazama nje upande wake, hakuna aliyetazama barabara ipasavyo isipokuwa mke wangu kule nyuma aliyekuwa akitaja matuta.

Nyumbani tukafika. Mama hakuweza kutoka. Kiti kimelala chini, mlango mrefu, kitenge kimebana, na mwenye nguvu za kumvuta mkono ni mkwewe, yaani mtu pekee asiyeruhusiwa. Mke wangu naye amezibwa nyuma, hatoki mpaka mama atoke. Nikasimama uani nimeinamisha kichwa. “Mama, shikamoo,” nikasema, kwa kuwa sikujua neno jingine la kusema. “Marahaba, baba,” akajibu kutoka huko chini, kwa utulivu. Ikabidi waitwe wanawake wawili wa jirani. Walipomaliza kumtoa alijipanga kitenge, akalizunguka gari, akamwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia: “Mume wako amenunua nusu. Nusu nyingine analeta lini?”

Masika ile ile nikapata mgeni kutoka pwani, anataka kuona Tembe la Livingstone kule Kwihara. Si mbali na mjini, na mgeni hanyimwi. Tulipoiacha lami mvua ikatukuta, na kwenye bonde gari likalala kifudifudi kwenye tope. Magurudumu yalizunguka vizuri sana, gari lilibaki. Akatokea mzee na mjukuu wake na maksai wawili wanatoka shamba.

“Mwangaluka,” akasema.

“Mwangaluka, babu.”

Akaliangalia gari kwa muda. “Hili lina nguvu kiasi gani, mwanangu?”

“Farasi 250, babu.”

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. “Na wako wapi?”

Wa Stanley walau walikufa mapema. Mzee hakutaka malipo. Alitaka akae ndani wakati ng'ombe wanavuta. Tukamfungia mkanda, mgeni wangu akashuka kusukuma, mjukuu akashika maksai, tukaingia Kwihara kwa mwendo wa jembe huku babu amepumzisha kiwiko kwenye dirisha, akiwasalimu watu wote njiani kwa majina. Kule makumbusho mgeni alisoma kwamba mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa akingoja wapagazi kutoka pwani. Akaniangalia. Sikusema kitu.

Sasa mke wangu ananitaka nipime faida na hasara, na nimepima. Upande wa hasara mmeusikia, na sijasema habari ya maembe. Tabora ni mji wa miembe, kivuli chote ni cha miembe, na kuanzia Novemba embe dodo likianguka kutoka juu halichagui boneti. Upande wa faida kuna kilomita 85 za Chaya na Nyahua. Kuna wateja wa asali wanaonipata bila kuuliza, kwa kuwa kila mtu kuanzia Isevya hadi Ipuli anajua yule mwenye gari la bluu anaishi wapi na leo limeharibika nini. Mfanyabiashara mwenzangu anataka tubadilishane, anipe Noah safi na pesa juu. Ana akili yule bwana, na kwa kazi ya asali ningemshauri mtu yeyote achukue Noah.

Mimi nimekataa. Gari haliuzwi. Ninachotafuta ni swichi ya kioo, mlango wa kulia. Mwenye nayo popote alipo aikabidhi kwenye basi lolote la Tabora, malipo ya mzigo nitatoa mimi huku stendi. Tafadhali tazameni vizuri kabla ya kutuma. Za kushoto ninazo mbili.