Shukrani za Eastlands kwa Bodi ya Dawa na Sumu

Kwa Mwenyekiti na Wanachama,
Bodi ya Dawa na Sumu,
Barabara ya Lenana, Nairobi.

KUH: SHUKRANI KWA KUTUACHA TUJICHUE WENYEWE

Waheshimiwa,

Hamjambo huko Kilimani kwenye miti? Sisi wa Kayole, Umoja, Dandora na Pipeline hatujambo, ila migongo. Pipeline nyumba zinapanda hadi orofa ya saba na ya nane, lifti hakuna, na mifereji ikikauka mtungi wa lita 20 hupanda ngazi begani mwa mtu. Mama fua anashinda ameinama. Kijana wa mjengo anabeba saruji, mwenzake anavuta mkokoteni kutoka Gikomba. Kumwona daktari wa mifupa ni foleni na pesa. Chupa ya dawa ya kuchua ni shilingi hamsini. Ndiyo maana ikifika saa tatu usiku ploti nzima inanuka mentoli.

Tunawaandikia kuwashukuru kwa imani kubwa mliyonayo kwetu. Sheria yenu, Sura ya 244, ipo tangu 1957. Kidonge cha aspirini kinatufikia kimefungwa, kimehesabiwa, kimeandikwa miligramu. Lakini ndugu yake wa damu, methili salisileti, yule mwenye harufu ya peremende ndani ya mafuta mengi ya kuchua, anatembea mtaani bila kuulizwa kitambulisho. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo yakiwa halisi kina salisileti inayopita ile ya vidonge 20 vya aspirini vya mtu mzima. Kuna watoto wadogo waliokufa kwa kiasi kisichojaza kijiko hicho. Hatudai kwamba chupa za huku zina mafuta halisi. Tutadai vipi, na nyingi tunazouziwa barabarani hazina hata kibandiko?

Mnamfahamu afisa wenu wa nyanjani? Yule bwana anayepanda matatu namba 58 ya Buruburu na begi begani, akasimama katikati ya gari, akaomba radhi kwa kutusumbua, akasema hakuja kuuza bali kuonyesha. Tone moja mkononi mwa kila abiria, bure. Halafu orodha: mgongo, magoti, jino, kipandauso, kifua cha mtoto, na kwa sauti ya chini kidogo, mambo ya wanaume. Madukani ni mia mbili, leo kwa heshima ya abiria ni hamsini, na ukichukua mbili anakuongezea ya tatu. Kuna wanaoshauri matone mawili kwenye maji moto, unywe. Hakuna anayewauliza ni matone mawili ya nini. Sisi tunadhani mmemtuma nyinyi, kwa kuwa ndiye pekee anayekuja kutuelimisha kuhusu dawa.

Elimu hiyo imetufaa sana. Shosho akiumwa goti hulipaka, akalizungushia karatasi ya plastiki, akalifunga leso, kisha akasogea karibu na jiko. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2012 kwamba dawa hizi za mentoli na methili salisileti zimewaunguza watu ngozi, wengine vibaya hadi kulazwa, na kwamba zisifungwe kwa kubana wala kuwekewa joto. Nasi huku joto ndilo tunalolilipia. Dawa isipochoma tunarudisha chupa. Na shosho huyohuyo akiwa anameza warfarini ya kuzuia damu kuganda, mafuta yakipenya kwenye ngozi yanaweza kuizidisha nguvu hadi avuje damu kwa ndani. Lakini hilo angelijuaje? Kwenye kibandiko, kikiwepo, habari hizo huandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi za ukubwa wa chawa.

Vijana nao. Nendeni Camp Toyoyo pale Jericho siku ya mechi, mtawakuta wanapaka mapaja, wanarudia wakati wa mapumziko, wanarudia tena wakifika nyumbani. Mwaka 2007 msichana wa miaka 17 kule New York, mkimbiaji wa shule ya upili, alifariki. Mchunguzi wa vifo wa jiji alisema ni sumu ya methili salisileti kutoka kwa bidhaa za kuchua misuli alizokuwa akitumia kupita kiasi. Hakuinywa. Ilipita kwenye ngozi. Tunaitaja habari hii kwa sababu kule kuna mtu aliyepima.

Huku nani apime? Mtoto aliyelamba mafuta hayo hutapika, hupata homa, hupumua mbiombio. Mama ataona nimonia. Daktari asiyeambiwa habari ya chupa anaweza kuona nimonia vilevile, au malaria. Mnamo 1996 watafiti wa Kilifi waliandika katika jarida la Lancet kwamba baadhi ya watoto waliolazwa kwa malaria kali walikuwa pia na sumu ya salisileti mwilini. Ile ilikuwa aspirini waliyopewa nyumbani kwa nia njema. Kilifi, si ng'ambo. Utafiti huo na uzidi kuzeeka mpendavyo, hatuna haraka.

Halafu kuna kafuri, ambayo ndugu zetu wa pwani huiita karafuu maiti na kuiweka kwenye sanda. Huku tunawapaka watoto wachanga, kifuani na chini ya pua, wakipata mafua. Mtoto akiila, degedege inaweza kumshika ndani ya dakika chache tu. Marekani ilipiga marufuku mafuta ya kafuri mwaka 1982, na dawa za kupaka zikawekewa kikomo cha asilimia 11. Bado mwaka 2009 madaktari wa Bronx waliandika kuhusu watoto watatu walioshikwa na degedege kwa sababu ya kafuri ya nyumbani. Kwetu, jirani mmoja atasema ni kijicho, mwingine ataleta maziwa, wa tatu atamtia mtoto kidole kooni atapike, jambo ambalo ndilo la hatari kuliko yote kwa mtoto anayekaribia kupigwa na degedege. Wa nne, akipatikana, ataishika ile chupa na kukimbia nayo pamoja na mtoto hadi hospitali ya Mama Lucy. Huyo wa nne hakufundishwa na mtu. Amezaliwa tu na akili.

Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi. Kitanda, jiko, mafuta taa ndani ya chupa ya soda, dawa ya shosho, na mtoto anayetambaa, vyote sakafuni pamoja. Mafuta taa yamewapeleka watoto wa Nairobi hospitalini kwa miongo mingi kwa sababu ya chupa hiyohiyo ya soda, kwa hivyo hatuwezi kusema hatujawahi kuona sinema hii.

Kwa hayo yote, tunawaomba msituharibie mambo. Msilazimishe kibandiko cha Kiswahili. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, lakini haikusema mgongo ni wa taifa. Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kuelezwa anachonunua, nayo pia iacheni ipumzike. Msidai kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Wetu akikifungua tunampigia makofi, ana kipaji. Asilimia ya kilichomo msiiandike, tutaanza kulinganisha chupa na chupa.

Mkiona lazima mje, pandeni 58 saa kumi na moja jioni, mkae kiti cha nyuma. Bwana akishamaliza mahubiri mwulizeni leseni. Atawaonyesha namba yake ya kulipia kwa M-Pesa.

Wenu katika kuchua,
Mkazi wa Kayole

Nakala: Shirika la Ubora wa Bidhaa, ambalo tukiliuliza litatuelekeza kwenu.