Muulize Mjomba Sapu

Mjomba Sapu (jina la chuoni, si la ubatizo) anawajibu wapwa wanaosoma huku wanatafuta riziki. Mwaka wa pili aliuza mitumba na kuvuna sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, kwa hiyo sifa za kushauri anazo.

*Mjomba, shikamoo. Nakaanga chipsi jirani na hosteli, saa 11 jioni hadi saa 6 usiku, siku sita kwa wiki. Juzi nilisinzia kwenye kipindi cha saa 1 asubuhi. Mhadhiri akaniita nijibu swali, nikashtuka nikamwuliza, "Kavu au zege?" Sasa darasa zima linaniita Zege, yaani chipsi mayai. Nifanyeje? Mkaanga Chipsi, Dar es Salaam*

Marahaba, Zege. Jina likubali. Mimi langu nilishindana nalo miaka miwili, ndipo likakolea.

Tuje kwenye usingizi. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360 kwa uchache, na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inahesabu kila krediti kuwa saa 10 za masomo: vipindi, maktaba, asaimenti, zote humo. Kwa mwaka ni saa 1,200. Zitawanye kwenye wiki thelathini na kitu za mihula miwili, kila wiki inakudai saa kama 35. Kibanda kinachukua 42. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamwekea mfanyakazi kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Wewe una 77, na bado hujafua.

Wanaokwambia "acha kazi, soma" wapuuze, hao wanakula kwao. Boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, la siku 60 kwa shilingi 10,000 kwa siku ni 600,000, na kama unafanana na mimi wa zamani, robo yake imeshatumwa kwa mama kabla ya jua kuzama.

Sasa sikiliza siri ya kibanda. Boom likitoka, chuo kizima kinakula zege na mishkaki, soda juu. Wiki kadhaa mbele wamerudi kwenye chipsi kavu. Ikikaribia UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ni wali maharage, na wengine wanapiga pasi ndefu, yaani wanaruka mlo. Yaani mauzo yanashuka wakati uleule unaouhitaji usiku wako! Mwambie bosi: boom likitoka nipo kila siku, hata Jumapili, likikata nakuja Ijumaa na Jumamosi, wiki tatu kabla ya UE usinitafute. Hapati hasara, na moyoni anajua. Ila usimwendee saa 2 usiku foleni imefika barabarani. Nenda saa 8 mchana anapomenya viazi, shika kisu, menya naye ndoo nzima, ndipo ufungue mdomo.

*Mjomba, mimi ni mlinzi wa usiku. Nasoma lindoni chini ya taa ya geti. Bosi anasema ameniajiri kulinda, si kusoma. Lindo, Morogoro*

Bosi ana hoja, maana mwizi akikukuta umezama ukurasa wa 40 mtaishia kusalimiana. Lakini mwulize kwa adabu habari za nyongeza ya usiku: sheria inataka angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Akianza kukohoa, ombea daftari lako ruhusa hapohapo.

*Shikamoo Mjomba. Nafanya kazi steshenari. Wiki iliyopita nimechapa asaimenti za darasa zima, yangu nikaikumbuka muda wa kukusanya umepita. Binti wa Fotokopi, Dodoma*

Marahaba, na pole mwanangu. Wahenga walisema mganga hajigangi, ila fotokopi hawakuiona. Kuanzia kesho mteja wa kwanza wa mashine ile uwe wewe, kabla hujafungua mlango.

Kwa mhadhiri nenda leo, useme ukweli. Usimuue bibi. Bibi yangu mimi alifariki mara tatu katika muhula mmoja, nikapewa pole na muda wa nyongeza, hadi siku alipoteremka kwenye daladala getini na mkungu wa ndizi, akamwuliza mhadhiri wangu mwenyewe chumba changu kiko wapi.

Na ukiwa hapo mashineni, nitolee nakala tano za safu hii. Nitalipa boom likitoka.