Tumesajili Urefu

Msimu ukiisha ndipo mateso yangu huanza. Mechi zikichezwa walau kuna ubao wa matokeo: tukifungwa kwa pointi thelathini, tumefungwa kwa pointi thelathini, hakuna ubishi. Lakini miezi hii viwanja vimenyamaza, kila mtu hapa Nyali ni bingwa. Kinyozi ana kikosi chake. Muuza viazi karai pale stejini ana chake. Mpwa wangu, ambaye hata kamba za viatu hufungiwa na mamake, ana kikosi na mbinu za kukichezesha.

Timu yenyewe ni ya mtaa wetu, ya mpira wa kikapu. Jina nitalistiri, kwa kuwa mwenyekiti wake ni jirani yangu na tunatumia tangi moja la maji. Niseme tu kwamba ukitaka kututafuta kwenye msimamo wa ligi, anza kusoma kutoka chini, utachoka kidogo.

Basi Ijumaa alasiri mwenyekiti akanijia kibarazani, kanzu bado ina mkunjo wa pasi, akaketi kabla sijamkaribisha, akajimiminia kahawa yangu.

"Bwana we, mwaka huu tumesajili."

"Mumesajili nani?"

"Futi sita na inchi nane!"

"Acheza nafasi gani?"

"Nakwambia futi sita na inchi nane, wewe waniuliza acheza nafasi gani!"

Hapo ndipo kidonda changu kilipo. Sisi hatusajili wachezaji, twasajili urefu. Kijana akipita barabara ya Links ameinama kukwepa matawi ya mwarobaini, jioni yake ana jezi. Hakuna anayemuuliza kama amewahi kushika mpira. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini, Nyali hadi Chicago, na mwenyekiti anaamini kabisa kwamba anayeikaribia zaidi kwa kichwa ndiye mwenye haki nayo.

Baadaye nilikwenda mazoezini kumwona huyo mgeni. Kijana mzuri, mwenye adabu, alinipa shikamoo kutoka huko juu. Alisimama chini ya ringi, mikono hewani, akangoja. Akangoja sana. Wenzake walikuwa upande wa pili wa uwanja wakinyang'anyana mpira wenyewe kwa wenyewe. Mara moja tu ulimfikia, nao ulimfikia kwenye sikio.

Sababu naijua, na mwenyekiti pia anaijua ila hataki isemwe mbele ya kahawa. Pointi gadi wetu ameondoka. Kijana mfupi, mweusi tititi, kimya, aliyekuwa anauleta mpira mbele na kumpa kila mtu mahali anapoutaka. Amepata kazi ya ulinzi Doha, na hivi ninavyoandika yuko mlangoni mwa jengo fulani anawafungulia watu wenye mifuko. Kuja kwa yule mrefu kulitangazwa kwa picha yenye miale ya moto nyuma yake na mwanasimba pembeni. Kuondoka kwa huyu mfupi kulipata mstari mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp, "Safari njema kaka", vikafuata vikatuni vya mikono ya dua, kisha mtu akauza friji.

Sheria ya mpira wa kikapu inakupa sekunde 8 kuutoa mpira nusu yenu na kuuvusha nusu ya pili. Kwa timu isiyo na pointi gadi, sekunde hizo ni kama Daraja la Nyali saa kumi na moja jioni: wote mwauona upande wa pili, hakuna anayefika. Halafu ziko sekunde 24 za shambulizi zima. Unaweza kuwa na minazi mitano chini ya ringi. Kama mpira haujavuka, hiyo ni bustani.

Ijumaa ile kibarazani nilimwambia mwenyekiti kwamba haya si maradhi ya Nyali peke yake. Mwaka 2012 Los Angeles Lakers waliwakusanya Dwight Howard na Steve Nash, wakawaongeza juu ya Kobe Bryant na Pau Gasol. Karatasini ilikuwa timu ya kutisha watoto. Nash alikuwa na miaka 38 na mwili ukamgomea, Howard na Kobe hawakuiva chungu kimoja, Kobe mwenyewe akakatika kano ya kisigino msimu ukielekea ukingoni, na San Antonio Spurs wakawatoa raundi ya kwanza, nne bila. Mwaka uliofuata Brooklyn Nets wakawachukua Kevin Garnett na Paul Pierce kutoka Boston, wazee wenye heshima zao, wakalipa kwa chaguo zao za wachezaji chipukizi za miaka ya mbele. Brooklyn hawakutwaa kitu. Boston wakazitumia chaguo hizo kuwapata Jaylen Brown na Jayson Tatum, na mwaka 2024 wakawa mabingwa.

"Na Miami?" mwenyekiti akadakia. Huyu mtu hasomi barua za bili ya umeme, lakini Miami anaijua. "LeBron alipokwenda 2010 hawakushinda?"

Walishinda, ndiyo, 2012 na 2013. Ila msimu wa kwanza, na majina yote yale, Dallas waliwafunga fainalini. Ilibidi wakae pamoja kwanza, wajuane nani anapenda mpira mkono upi. Nasi wa mtaani tunabomoa kikosi kila mwaka kisha tunashangaa mbona vijana hawaelewani. Yule anayeanza kumjua mwenziwe ndiye anayepata kazi Doha.

Ukimbana mwenyekiti sana, ana karata yake moja anayoiweka mwisho, na anaiweka kwa kishindo: Nairobi City Thunder. Hapa nakiri karata ni nzito. Klabu hiyo ilipata wenye mali wapya mwaka 2023, msimu wa 2023/24 ikatwaa ligi ya Kenya, na 2025 ikawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, ile BAL. Ndani ya miaka miwili! Mwenyekiti akilitaja hilo husimama, na kanzu yake pia husimama.

Lakini Thunder hawakununua urefu. Walinunua muda. Mchezaji alipwe ili kazi yake iwe mpira, afanye mazoezi asubuhi akiwa hajatoka kubeba mizigo usiku kucha, awe na kocha ambaye hafundishi kwa hisani. Hicho ndicho kitu ambacho timu zetu nyingi hazikuwa nacho. Na hata wao, walipofika Kigali Mei 2025 kukutana na kina Al Ahli Tripoli na APR, hawakuvuka hatua ya makundi. Pesa ilivuka nao mpaka, uzoefu ulikuwa bado njiani.

Huku kwetu Pwani timu kubwa ni ya bandari, KPA, wanaume na wanawake, na nyumbani kwao ni ukumbi wa Makande, kule kisiwani. Mimi huwa navuka daraja kwenda kuwatazama, hasa kina dada wakikutana na Equity Hawks, maana hapo hupigwa mpira wa kukuondolea usingizi. Usajili wa timu za mashirika una namna yake. Ulinzi Warriors ni ya wanajeshi, Equity ni ya benki, KPA ni ya bandari. Mchezaji akihamia huko, mama yake haulizi amevaa jezi namba ngapi, auliza kama kuna bima ya matibabu na pensheni. Na mimi sicheki. Kijana mwenye bima hutulia, na kijana aliyetulia hutoa pasi. Ukiona timu za mashirika zimekaa juu miaka nenda miaka rudi, usitafute siri kwenye ubao wa kocha, nenda kaulize ofisi ya mishahara.

Turudi mtaani. Usajili wetu wa pili ni kocha. Mafunzo yake yote ameyapata kwenye simu, bando likiisha mazoezi nayo yanaisha. Kila mchezaji akipoteza mpira yeye hupiga kelele "Spesing! Spesing!" Vijana wamemwelewa vizuri mno, wamepeana nafasi hata wengine wamo nje ya mstari.

Wa tatu ni jezi. Zimetolewa na mheshimiwa mtarajiwa, maana uchaguzi wa 2027 hauko mbali na wema umeanza kuota. Mgongoni kuna picha yake, anatabasamu, na chini kabisa, karibu na kiuno, kuna namba. Mwamuzi akiita faulo itabidi aseme "mheshimiwa mfupi" na "mheshimiwa mnene" ili ieleweke ni nani.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hakikusajiliwa, na ndicho kinachotufunga kila mwaka: uwanja. Ni wa saruji, wa wazi, hatua chache na bahari. Chumvi imeila ringi ya upande wa mashariki mpaka imeinama kama inasikiliza siri. Wavu haupo, umebaki uzi mmoja. Kusi likivuma, ukirusha kutoka kwenye mstari wa pointi tatu, ule wa mita 6.75, lazima ulenge nyumba ya jirani ili mpira urudi kwenye ubao. Vijana wetu wamejifunza hivyo, wanaulenga upepo. Tukienda kucheza ukumbini, kusiko na upepo, tunawatupia watazamaji. Hakuna futi sita na inchi nane itakayotibu hilo.

Pale kibarazani mwenyekiti akatoa simu kunionyesha video anayoipenda: Yaoundé, Februari 2021, Tylor Ongwae akirusha la mwisho, Kenya 74, Angola 73, tukarudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Nami niliitazama mpaka mwisho, nani atakataa? Nikamwomba airudishe nyuma, aangalie mpira ulivyomfikia Ongwae. Akairudisha. Akaitazama. Akasema, "Yule Ongwae naye mrefu, waona?"

Nikanyamaza, nikamwongezea kahawa.

Basi utabiri wangu ni huu, na mpwa wangu ameuandika ukutani ili anisute baadaye. Tutamaliza nafasi ileile, pengine tupande moja iwapo kuna timu itakayokosa nauli ya kuja uwanjani. Yule mrefu atafunga pointi sita kwa mechi, nne zitokane na mipira iliyomgonga. Akipatikana kijana mwingine wa kuuleta mpira mbele, hata awe wa futi tano na viatu vya kuazima, nitabadilisha maneno. Yuko mmoja Kongowea anayesukuma mkokoteni wa vitunguu sokoni asubuhi, namwona akipenya katikati ya watu na matatu bila kumgusa mtu, macho mbele wala hatazami mikono. Nikamtaja. Mwenyekiti akauliza ana futi ngapi.

Kisha ikaja sababu ya yeye kunitembelea. Kuna mchango, shilingi 500 kila nyumba, kwa ajili ya nauli na malazi ya yule mrefu, pamoja na kitanda, kwa sababu vitanda vya kawaida havimtoshi. Mke wangu akacheka huko ndani, nikamsikia. Nilizitoa, maana tangi ni moja na mwenye ufunguo wa vali ni yeye. Lakini nilizishika kwanza mkononi, nikamwambia kabisa: hizi ni za wavu. Akasema sawa. Akazikunja, akazitia mfuko wa kanzu, akauliza kama najua fundi wa vitanda.